Mwisho Aliotusomea Mama

Jumapili, 3 Machi

Kaka Gundi,

Shikamoo. Habari za huko utanipa wewe, maana mimi nikianza na salamu ndefu nitapasuka. Nimeiona filamu! Ile ya zamani ya *Mwenye Funguo Saba*, ya nyeusi na nyeupe, iliyotoka nikiwa na miaka miwili. Wameifufua kwenye sinema ya hapa mjini kwa sababu ya tamthilia inayorudiwa kwenye televisheni. Jana mchana nilisimama foleni saa nzima, nikakalia kiti chenye msumari, mbele yangu mama mmoja ana kofia pana kama sinia, na bado nimetoka nimelowa machozi.

Sasa sikiliza. Tamthilia ina vipindi ishirini na sita, filamu haifiki saa mbili. Mtu angesema tamthilia lazima ishinde, si ndiyo? Thubutu! Unakumbuka pale yule mke anapojifungia stoo ya unga ili alie, mama mkwe asimsikie? Kwenye tamthilia analia dakika nne, na vinanda juu yake, na nyusi zimechongwa kana kwamba ametoka saluni. Kwenye filamu mlango unafungwa, humwoni kabisa, unasikia funguo zinagongana tu. Basi. Mama wa kofia alishika mkono wa mtu asiyemjua.

Lakini haki yake tamthilia nayo tuipe. Mama mkwe wa filamu ni shetani mtupu, anaingia akifoka anatoka akifoka. Wa tamthilia wamempa nafasi, unamwona naye alivyowahi kuwa bibi harusi mwenye njaa, unaanza kumhurumia bila kupenda. Mume je? Kwenye filamu ni ukuta wenye masharubu. Kwenye tamthilia ni mzuri wa sura na anaomba msamaha kila kipindi cha tatu, hadi nikamrushia mto.

Halafu ndio nikuambie lililoniwasha. Zote mbili zimeuharibu mwisho wa kitabu alichokuwa akitusomea Mama! Filamu inamfikisha mtoni, anatupa funguo majini, anavuka daraja, kwisha. Tamthilia anamkabidhi mama mkwe funguo, anaondoka, tunamwona mzee mwenye mvi katika mji mwingine. Harudi! Wamewezaje? Yule mwanamke anageuka pale darajani, anarudi kwa miguu, anaingia kwa mlango wa jikoni, anabandika maji. Mtoto anamuuliza, "Ulikwenda wapi?" Naye anajibu, "Nilikwenda kuona kama barabara ipo." Hilo ndilo neno bora kuliko yote kitabuni, nao wamelikata kama ukucha!

Nimeshamwambia mhariri wa gazeti letu kwamba nitaandika makala ya kulinganisha. Miaka sita nimekaa kwenye chumba cha prufu nikisahihisha makosa ya wengine, sasa acha nami nifanye yangu. Nitumie kitabu cha Mama haraka. Maktaba nakala zote zimeazimwa, na shuleni tulisomeshwa sura kumi za mtihani tu. Si kwamba nakihitaji sana. Kile nakijua nje ndani.

Ningepiga simu kiwandani kwenu, lakini ile simu inasikilizwa na mafundi wote.

Mdogo wako,
Kasuku


Jumatatu, 11 Machi

Kasuku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sababu mwandiko wako unakimbia kuliko macho yangu.

Sisi wazima. Mama goti linamsumbua kidogo asubuhi, likipata moto linaacha. Kiwandani tumepewa madaftari elfu nne ya kujalidi kabla ya mwisho wa mwezi, na mashine ya kushonea imegoma. Nashona kwa mkono kama babu yetu.

Tamthilia naitazama na Mama. Kwa maoni yangu inashinda, na sababu ni ile nyumba. Vyumba saba, funguo saba, na unaviona vyote. Filamu, kwa ulivyonieleza, inaonekana walikuwa na vyumba vitatu na wakawa wanabadilisha mapazia. Nilipomwambia Mama kwamba filamu imerudi, alisema, "Yule mama mkwe alikuwa na sauti kama bawaba kavu," akaenda zake kukunja nguo. Sikujua kama aliwahi kuiona.

Kitabu siwezi kukutumia. Uzi umelegea mgongoni na posta wataking'oa jalada.

Kuhusu makala, andika mambo ya mama mkwe. Andika funguo za stoo, hapo umepatia kweli. Lakini mwisho uache, Kasuku. Watu wana maoni mengi juu ya mwisho wa vitabu, utajiletea maneno ya bure. Nisikilize mara moja tu maishani mwako.

Kaka yako


Ijumaa, 15 Machi

Kaka Gundi,

Umechelewa! Makala ilitoka Jumamosi, siku mbili kabla hujaishika kalamu. Ukurasa mzima! Jina langu limepigwa herufi kubwa kama tangazo la sabuni. Na nini kilichowagusa watu zaidi? Mwisho. Ule ule ulioniambia niuache.

Sitakuficha, barua yako iliniudhi. Tangu utotoni wewe ni mtu wa "acha", "ngoja", "utaanguka". Nilipotaka kuja huku mjini ulisema ngoja. Nilipotaka kuacha ualimu ulisema acha upuuzi. Nikajiambia, kaka yangu ananionea wivu au vipi? Kisha nikaona aibu, maana ndiwe uliyenilipia nauli ya kwanza kuja hapa. Lakini bado nimeudhika, ujue.

Haya, kaa chini. Umekaa? Jana imeletwa barua gazetini, ya jina langu, kutoka kwa mkuu wa tamthilia wa televisheni. Wanatengeneza *Mwenye Funguo Saba* upya, ya rangi, na wanatafuta waandishi watatu. Wawili wamewapata. Anasema alisoma makala yangu amesimama, na alipofika kwenye "nilikwenda kuona kama barabara ipo" akakaa. Ananiita kwenye usaili Jumatatu, tarehe mosi Aprili. Mimi! Msoma prufu wa meza ya nyuma, karibu na ndoo ya kudekia!

Nikipata hii, Kaka, naondoka kwenye kile chumba na sirudi tena. Nisipopata, nitasahihisha matangazo ya vifo hadi mtu mwingine asahihishe la kwangu. Niombee. Mwambie Mama, lakini umwambie taratibu, asije akaenda kuwatangazia majirani.

Kasuku, mwenye wazimu wa furaha


Jumatano, 20 Machi

Mdogo wangu,

Madaftari nimeyaacha. Nimemwambia msimamizi naumwa tumbo.

Ule mwisho haumo kitabuni.

Nimeandika sentensi hiyo peke yake ili usiikimbize. Filamu haikudanganya. Tamthilia haikudanganya. Kwenye kitabu yule mwanamke anaacha funguo zote saba mlangoni, anaondoka, watoto wake wawili wanamtazama dirishani, na harudi. Sura ya mwisho kitabu cha Mama hakina, kwa sababu niliichana mimi.

Nilikuwa na miaka tisa, wewe miwili. Mama aliondoka nyumbani. Hukuambiwa kwa sababu hakuna aliyewahi kulitaja, na mimi ndiye niliyebaki kulikumbuka. Siku moja amebandika maji, siku ya pili hayupo. Baba alisema amekwenda kumuuguza ndugu. Shangazi zake Baba, waliokuwa wamejaa nyumba nzima na kumfanya Mama mtumwa wao, walisema mambo mengine. Nilizihesabu siku. Zilikuwa kumi na tisa. Wewe ulikuwa unalia hadi unatapika, nikawa nakubeba mgongoni nikiosha vyombo.

Asubuhi ya siku iliyofuata nilimkuta jikoni. Amebandika maji kama kawaida. Nikamuuliza, "Ulikwenda wapi?" Ndipo akanijibu lile neno unalolipenda. Hakuna mwandishi aliyeliandika. Aliniambia mimi.

Kwenye begi lake alirudi na kitabu kipya. Nilikuwa najua kusoma vizuri, na nilikuwa namchunguza Mama kila hatua. Siku moja akiwa kisimani nikakifungua nyuma, nione kinaishaje. Nikasoma yule mama anavyowaacha wanawe. Nikaona kwamba Mama akifika pale atapata akili ya kuondoka tena. Nikazichana kurasa kumi na nne, nikazificha.

Akaanza kutusomea Jumamosi mchana, wewe umelala mapajani pake. Kila wiki sura moja. Siku ya sura ya mwisho nilitamani ardhi inimeze. Akafika mahali palipochanika, akanitazama, kisha akafunua jalada gumu la nyuma kana kwamba ni ukurasa, akaendelea "kusoma" bila kukwama. Akamrudisha mwanamke. Akamwekea maji jikoni. Na kila mwaka aliporudia kutusomea, jalada lilikuwa na maneno yale yale. Wewe ndio ukakua nayo.

Sijawahi kumwambia kwamba ni mimi. Nilifikiri alibuni kwa kuwa hakuwa na la kusoma, na kwamba hadi leo haujui mwisho wenyewe. Tamthilia inapokaribia kipindi cha mwisho huwa nazima, nasema umeme mdogo.

Usiende kwenye usaili na neno lile. Una siku kumi na mbili. Tafuta kitabu, usome, ubadilishe hoja zako.

Nisamehe,
Kaka yako


Jumamosi, 23 Machi

Kaka,

Siku kumi na mbili sikuzipata. Waliuwahisha usaili, ukawa Alhamisi, tarehe ishirini na moja. Barua yako ikaingia Ijumaa.

Kwa hiyo piga picha. Chumba chenye meza ndefu, vikombe vya chai, waandishi wawili waliokwisha kuchukuliwa wakinitabasamia. Mkuu wa tamthilia ni mama mfupi, kalamu amechomeka kwenye nywele. Akaniwekea mbele nakala tatu za kitabu, za miaka tofauti, akasema, "Binti, nimekesha nikitafuta ile sentensi yako. Nionyeshe ilipo." Nikacheka. Nikachukua ya kwanza, nikafungua nyuma. Nikachukua ya pili. Kaka, nilipekua kama kuku kwenye makapi! Jasho likanitoka mpaka kwenye magoti. Mwandishi mmoja akakohoa. Mimi, ninayewinda nukta iliyopotea kwenye ukurasa wa michezo, nimelipatia taifa zima nukuu isiyokuwepo! Nikasema nadhani nilisoma toleo la zamani. Mkuu akasema, "La zamani ndilo hili." Sikumbuki nilitokaje.

Nilikasirika nawe, usidhani sikukasirika. Niliisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi, nikapiga teke ukuta, kidole cha mguu kimevimba. Miaka thelathini na moja! Mama aliondoka, akarudi, na mimi nilikuwepo nikitapika, na hakuna aliyeona vyema kuniambia! Kisha nikafika pale uliponibeba mgongoni ukiosha vyombo, nikakaa chini pale pale kwenye ngazi, nikalia. Halafu, Mungu anisamehe, nikacheka. Mchanaji-vitabu akakua akawa mjalidi-vitabu! Hivi hujawahi kujishangaa?

Nikaazima kitabu kwa jirani, nikausoma mwisho wa kweli kwa mara ya kwanza. Ni mzuri, Kaka. Ni mzuri mpaka unauma. Wale watoto dirishani hawalii hata kidogo, wanabishana nani amemwona wa mwisho.

Leo asubuhi nimerudi kwa Mkuu bila kuitwa. Nimemwambia yote, nimekutaja na wewe, samahani, ila sikutaja jina. Nilijua kazi imeshakwenda, basi angalau nitoke na uso wangu. Akasikiliza. Akachomoa kalamu nywelini. Akaniuliza, "Huyo mama yuko hai?"

Kaka, anautaka! Anautaka mwisho wa Mama kwa tamthilia mpya, maneno yale yale, maji jikoni na kila kitu! Anasema filamu imemwondoa, tamthilia imemwondoa, safari hii atarudi na nchi nzima italia. Mama akikubali, nafasi ya tatu ni yangu. Akikataa? Hakusema, nami sikuthubutu kuuliza. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha, nami kwa woga nimempa namba ya simu ya kiwandani kwenu.

Kwa hiyo ni lazima umwambie Mama. Si kuhusu televisheni tu. Umwambie kuhusu kurasa. Mtu mzima wa miaka arobaini unazima televisheni kwa kuogopa Mama asione mwisho wa hadithi! Mwambie, Kaka. Nina furaha na nina hofu, hata sijui kipi ni kipi.

Kasuku


Ijumaa, 29 Machi

Mwanangu Kasuku,

Naandika mwenyewe, kaka yako amekwenda kazini. Uvumilie mwandiko, miwani ni ya zamani.

Jumatatu alirudi kutoka kazini akakataa chai. Akakaa. Akainuka. Akaleta bahasha ya plastiki akaiweka mezani kama mtu anayesalimisha bunduki, na ndani mna kurasa kumi na nne. Nikamwambia, "Hizo nilizikuta chini ya godoro lako wiki ile ile, nikitandika. Nikazirudisha, maana niliona zinakusaidia kulala." Basi lile jitu zima likalia, mwanangu, likalia hadi jirani akagonga kuuliza kuna msiba gani. Nikamwambia hakuna msiba, ni kitabu.

Mnasema nilibuni kwa kuwa sikuwa na la kusoma. Mmekosea wote wawili. Mwisho niliujua kabla sijakinunua kitabu. Zile siku kumi na tisa nilikuwa kwa binamu yangu, nimepata kazi ya kushona vifungo kwenye duka la nguo, na mkabala na duka kulikuwa na sinema. Niliiona filamu hiyo mara mbili. Mara ya kwanza alipovuka daraja nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Nilifurahi, sikudanganyi. Mara ya pili, alipofika mtoni na funguo mkononi, niliinuka. Watu wakanizomea nimewazibia. Nikaenda moja kwa moja stendi na sindano za duka bado zimechomekwa kifuani. Kitabu nilikinunua pale stendi nikisubiri gari, nipate cha kutazama nisimtazame mtu.

Kwa nini niliondoka, utakuja tuzungumze, si mambo ya karatasi. Sikuwakimbia nyie. Nilikuwa nimechoka, na hakuna aliyekuwa ameniuliza. Wewe ulistahili kuambiwa zamani na hukuambiwa. Hilo ni kosa langu, si la kaka yako.

Sasa kuhusu Mkuu wako. Alipiga simu Jumatano. Kaka yako akaja mbio kunichukua, na goti langu hili bovu. Mafundi waliacha gundi ikauka, wamejipanga ukutani kunisikiliza. Yule mama ana adabu nzuri. Akaniomba mwisho wangu.

Nikamwambia hapana.

Akauliza kwa nini. Nikamweleza. Ule mwisho sikuusema kwa ajili ya nchi nzima. Niliusema kwa ajili ya mtoto mmoja wa miaka tisa aliyekuwa hawezi kwenda hata chooni bila kuniangalia kama nipo. Alihitaji kuusikia kila mwaka, nikamsomea kila mwaka. Yule wa kitabuni ni mtu mwingine. Mwandishi wake alimpa njia akapita, mimi ni nani nimfungie?

Akasema, "Sasa binti yako nimfanyie nini?" Nikamjibu, "Ameandika ukurasa mzima wa gazeti kuhusu jambo lisilokuwepo, na wewe mwenye nakala tatu ukaamini. Kama huyo hafai kuandika tamthilia, basi sijui nani anafaa." Alicheka hadi mafundi wakasikia. Halafu akasema jambo lingine, kwamba mtu aliyerudi bila kuitwa kusema ukweli uliokuwa unamnyima kazi, huyo alikuwa ameshaamua kumchukua tangu Jumamosi. Alitaka kuona tu kama atapata na ule mwisho wangu uwe nyongeza. Uende Jumatatu, tarehe nane, saa mbili asubuhi. Usichelewe, na kidole hicho ukikande kwa maji ya chumvi.

Neno la mwisho, kwa sababu utakuwa umekaa mezani na wakubwa. Watakuja kutaka arudi. Watasema watazamaji wanapenda mtu akirudi. Wewe usikubali. Mimi nilirudi, na sijajuta hata siku moja, nanyi mkijua hivyo mlale. Lakini yeye mwacheni aende. Mmoja wetu na afike.

Mama yako